Kamera Ilifika Newala Kabla ya Hollywood: Nani Alicheka, Nani Alichekwa?

Ukitaja mwanzo wa sinema za kuchekesha, akili za wengi zinaruka moja kwa moja hadi Hollywood. Charlie Chaplin, kofia ya duara, kifimbo, masharubu mafupi na mwendo wa bata. Sawa, lakini kuna kitu ambacho hata watu wa kusini wenyewe wengi hawakijui. Kamera ya sinema ilifika Masasi na Newala mwaka 1906. Hollywood ilipata studio yake ya kwanza mwaka 1911. Yaani watu wa uwanda wa Makonde walisimama mbele ya kamera miaka 5 kabla Hollywood haijawa Hollywood.

Walicheza, walionekana, wakapelekwa Ulaya ndani ya boksi. Majina ya wengi wao hayajulikani mpaka leo.

Hapo ndipo stori hii inapoanzia. Tukiongelea nani alionekana kwenye filamu za zamani, swali la kwanza huwa ni "je, weusi walikuwepo?" Jibu ni kwamba walikuwepo sana tu. Swali gumu ni lile linalofuata: walikuwepo kama nani? Walikuwa wanachekesha, au walikuwa wanachekwa?

Kiswahili kina neno moja linalobeba stori yote. Neno lenyewe ni chale. Fungua kamusi, utakuta chale ni mtu anayechekesha watu kwa vituko. Hilo limetoka kwa Charlie, huyohuyo Chaplin. Soma tena, utakuta chale ni zile alama zinazochanjwa kwenye ngozi, kama zilizokuwa kwenye nyuso za wazee wa Kimakonde. Mchekeshaji na alama ya usoni, neno moja. Kwenye vichekesho vya Bongo maana hizo mbili zimekuja kukutana kwa namna ambayo siyo ya kuchekesha hata kidogo. Twende taratibu.

MZUNGU, KAMERA NA NGOMA

Aliyeleta kamera kusini anaitwa Karl Weule, Mjerumani kutoka makumbusho ya Leipzig. Alikusudia kwenda bara upande wa kaskazini, machafuko yakamlazimisha kubadili njia, akashukia Lindi. Kutoka hapo akapanda Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Alibeba kamera ya sinema na mashine ya kurekodi sauti. Alikuwa anakusanya vinyago, anarekodi nyimbo na kupiga picha za ngoma.

Sasa weka hiyo picha kwenye wakati wake. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wamechoma misheni ya Masasi. Mwaka 1906 Wajerumani walikuwa bado wanaizima vita hiyo. Watu wamepoteza ndugu, mashamba yameharibika. Halafu anatokea Mzungu na askari wake, anaomba ngoma ichezwe mbele ya mashine asiyoijua mtu yeyote pale kijijini. Wewe ungekataa?

Mwaka 1908 Weule alitoa kitabu cha safari ile. Kina mambo mengi ya maana, na wanahistoria wanakitumia hadi leo. Lakini kimeandikwa na mtu anayependa mzaha, na mara nyingi kwenye mzaha huo mwenyeji ndiye anayechekwa. Machifu wanatajwa kwa majina. Wacheza ngoma wengi ni "watu wa Newala" tu, basi.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Kamera imeshikwa na mtu mmoja, maelezo yanaandikwa na mtu huyohuyo, anayeonekana hana neno. Upande wa pili wa bahari hali ilikuwa hivyohivyo, tena kwa pesa nyingi zaidi.

HOLLYWOOD INAJIPAKA MASIZI

Kabla ya sinema, Marekani ilikuwa na maonyesho ya jukwaani ambapo Wazungu walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakachora midomo mikubwa, wakaiga watu weusi kwa kuwafanya wajinga, wavivu na waoga. Maonyesho hayo yalitamba sana karne ya 19. Sinema ilipokuja, haikuanza upya. Ilibeba vichekesho vilevile ikaviweka kwenye filamu.

Hata wakali wenyewe walipita humo. Buster Keaton, ambaye watu wa filamu wanamheshimu mpaka kesho, kwenye College ya mwaka 1927 alijipaka masizi ili acheze kama mhudumu mweusi wa hoteli. Na haikuwa kwa weusi tu. Charlie Chan, mpelelezi Mchina aliyependwa sana miaka ya 1930, alichezwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Mchina yupo kwenye stori, ila mshahara unaenda kwa Mswidi.

Lakini stori inayouma kuliko zote ni ya Bert Williams.

Williams alizaliwa Bahamas mwaka 1874. Alikuwa mchekeshaji mkubwa kiasi kwamba mwaka 1910 aliingizwa kwenye Ziegfeld Follies, onyesho kubwa la New York ambalo wasanii wake wengine walikuwa Wazungu. Mtu mweusi, staa, watu wanalipa kumwona. Ila ili apande jukwaani ilibidi ajipake masizi. Mweusi anajipaka weusi ili afanane na mweusi wa kuchorwa aliyezoeleka kwa Wazungu. Isome tena hiyo sentensi.

Mwaka 1913 aliigiza filamu ya kuchekesha ya kampuni ya Biograph iliyokuwa na waigizaji weusi wengi. Ndani yake watu weusi wamevaa vizuri, wanacheza dansi, wanapanda bembea za kuzunguka, wanatongozana kama binadamu wengine. Williams peke yake ndiye aliyepakwa masizi. Filamu haikuwahi kutoka. Mikanda ilikaa Biograph, baadaye ikaingia kwenye hifadhi ya makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, na watu wakaja kuiona mwaka 2014, miaka 101 baada ya kupigwa. Williams alishafariki tangu 1922. Na kuna waigizaji kibao mle ndani ambao watafiti walilazimika kuhangaika kuwatambua sura moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna aliyewaandika.

Mwaka 1922 Hal Roach akaanzisha Our Gang, filamu fupi za watoto watukutu. Hapa kulikuwa na kitu kipya kweli. Watoto weusi na Wazungu wanacheza pamoja, wanapigana pamoja, wanakimbizwa na mbwa pamoja, wakati huo majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwa yanawatenganisha shuleni kwa sheria. Ernie Morrison, Allen Hoskins, Matthew Beard na Billie Thomas walijulikana nchi nzima. Lakini watu hawakuwajua kwa majina hayo. Waliwajua kama Sunshine Sammy, Farina, Stymie na Buckwheat. Na vichekesho vyao vingi vilizunguka palepale, tikitimaji, kuku na kuogopa mizimu.

Hata huo uhuru kidogo ulikuwa na wenye kuuchukia. Mwaka 1947 Hal Roach alitoa filamu nyingine ya watoto, Curley. Bodi ya ukaguzi ya Memphis chini ya Lloyd Binford ikaipiga marufuku. Kosa lake? Kulikuwa na watoto weusi wamekaa darasa moja na watoto wa Kizungu. Kichekesho cha watoto kimepelekwa mpaka mahakamani kwa sababu ya nani kakaa na nani.

Halafu kuna Lincoln Perry. Huyu alitengeneza mhusika anayeitwa Stepin Fetchit, mtu mvivu, mzito wa kuongea, anayejikuna kichwa na kuburuta miguu. Kwa uvivu huo wa kuigiza, Perry akawa mwigizaji mweusi wa kwanza anayetajwa kufikisha dola milioni moja. Mwamba alikuwa anakula bata, magari ya kifahari, nyumba, watumishi. Nje ya kamera alikuwa mtu anayejua kuandika, aliwahi kuandikia gazeti la weusi la Chicago Defender. Kumbe yule mvivu alikuwa kazini muda wote.

Baadaye pesa ziliisha, na jina likawa tusi. Wengine wanasema aliuza watu wake. Wengine wanasema mtumwa anayejifanya hajaelewa amri ili asifanye kazi, huyo siyo mjinga, anamchezea bosi wake akili. Ubishi huo haujaisha. Kitu kisichobishaniwa ni kwamba mlango uliokuwa wazi kwake ulikuwa mmoja tu, akapita hapohapo.

Hattie McDaniel naye mlango wake ulikuwa wa mfanyakazi wa ndani. Alicheza wafanyakazi wa ndani wenye mdomo mkali na vichekesho mpaka mwaka 1940 akapata Oscar kwa Gone with the Wind, wa kwanza mweusi kuipata. Usiku ule, ukumbini, alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo.

CHALE ANAFIKA KWETU

Sasa rudi Afrika Mashariki. Sinema za bubu hazikuhitaji lugha, kwa hiyo zilisafiri haraka. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zilipata kumbi mapema, nyingi zikiendeshwa na wafanyabiashara wenye asili ya India. Chaplin akapendwa kiasi kwamba jina lake likaacha kuwa jina la mtu, likawa jina la kazi. Anayechekesha ni chale, tena ukiwa na vituko vingi mtaani utaitwa chale hata kama hujawahi kuona filamu yake hata moja.

Kwa nini yeye? Angalia anachofanya. Ni maskini, nguo zimemzidi au zimembana, anafukuzwa na polisi, anamtoroka tajiri, anampiga teke mwenye nguvu kisha anakimbia. Kwa mtu wa koloni aliyezoea kumwona Mzungu juu ya farasi au nyuma ya meza, kumwona Mzungu anaanguka kwenye matope ilikuwa burudani ya aina yake.

Serikali za kikoloni zilikuwa na wasiwasi na jambo hilo. Filamu zilikaguliwa, na zilizoruhusiwa kwa Wazungu siyo zote ziliruhusiwa kwa Waafrika. Hofu ilikuwa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu amelewa, anaiba au anadhalilika, heshima itashuka. Tafakari hapo. Mweusi kudhalilishwa kwenye filamu dunia nzima, hiyo ni burudani. Mzungu kudhalilika mbele ya Mwafrika, hilo ni suala la usalama.

KWENYE NGOMA, MZUNGU NDIYE CHALE

Kumbe walikuwa wamechelewa. Kwenye uwanda wa Makonde Mzungu alishaanza kuchekwa bila kusubiri sinema.

Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma wana vinyago vinavyovaliwa kwenye ngoma, hasa vijana wanapotoka jando na wasichana wanapotoka unyago. Upande wa Tanzania utasikia midimu, upande wa Msumbiji utasikia mapiko. Ukiviangalia vya zamani utakuta mzimu, utakuta mwanamke mjamzito, utakuta mnyama. Na utakuta pia Mzungu mwenye pua ndefu na kofia ya kikoloni, Mwarabu mwenye ndevu, Mhindi wa dukani, askari. Mchongaji amemwangalia mtu, amechukua kile kinachomfanya ajione mkubwa, akakiongezea chumvi kidogo. Mchezaji akikivaa anaiga mwendo wake na maringo yake. Watu wanakufa kwa kucheka.

Hiyo ni komedi kamili. Ina mavazi, ina mhusika, ina mwendo, ina hadhira. Tofauti yake na ile ya masizi ni kwamba huku anayechekwa ndiye mwenye nguvu. Mkuu wa wilaya hapotezi chochote kwa kuigwa Newala. Kesho asubuhi bado kodi ni yake.

Kuna tofauti nyingine. Mvaaji wa kinyago hatajwi jina. Ni siri, na ambaye hajapita jando hatakiwi kujua nani yuko ndani. Kwa hiyo na huku kuna watu wasio na majina, ila hawa wamejificha kwa hiari yao, na wenzao wa jandoni wanawajua. Wale waliopigwa picha na Weule, na wale wa filamu ya Bert Williams, hawakujificha. Sura zao zilikuwa wazi kabisa. Ni kwamba aliyeshika kalamu hakuona sababu ya kuuliza.

MJINGA ANAKUJA MJINI

Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa filamu kule Vugiri, milima ya Usambara, mkoani Tanga. Ulidhaminiwa na shirika la Carnegie la Marekani, ukadumu hadi 1937 na kutoa filamu 35. Zilizungushwa kwa lori vijijini Tanganyika na nchi za jirani. Zilikuwa za kufundisha kuhusu minyoo, kahawa na kodi. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Mtu mmoja anafukia pesa ardhini, mwizi anamuona na kuzichukua. Mwenzake anaweka benki, anakuwa salama.

Unaiona hiyo? Mjanja na mjinga. Mjanja ni yule aliyefuata mambo ya Kizungu, mjinga ni yule wa kienyeji. Watu wachekee ujinga, halafu wajirekebishe. Waigizaji walikuwa Waafrika kabisa, hakuna masizi wala Mswidi wa kujifanya Mchina. Lakini wazo, kamera na mwisho wa stori vilikuwa mikononi mwa wengine. Vichekesho vya kwenye shule za kikoloni navyo vilifuata njia hiyohiyo. Mshamba amefika mjini, hajui kutumia hiki, anashangaa kile, ukumbi unacheka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja hatua kubwa zaidi. Kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini, kwa makubaliano na serikali ya Tanganyika, ilitengeneza filamu za burudani za Kiswahili. Maarufu zaidi ni Muhogo Mchungu. Ni mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kukutana na misukosuko ya mjini. Mshamba tena, mjini tena.

Aliyecheza nafasi kuu alikuwa kijana wa kusini, mzaliwa wa Songea mwaka 1926, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiyo, Kawawa huyohuyo. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mtu aliyechekesha watu kwa kucheza mshamba asiyejua mji, miaka kama 10 baadaye anaongoza serikali ya nchi nzima. Hakuna mwandishi wa Hollywood ambaye angekubaliwa kuandika mwisho huo kwa mhusika mweusi wa wakati ule.

Hapa ndipo Perry na Kawawa wanapoachana. Wote wawili walicheza mjinga, wote walikuwa na akili kuliko wahusika wao. Ila nchi ya Perry haikumpa nafasi nyingine ya kuonekana. Nchi ya Kawawa ilibadilika, na yeye alikuwa miongoni mwa walioibadilisha.

MLINZI WA GETINI

Ungedhani baada ya hapo mchezo umekwisha. Uhuru umepatikana, tuna redio yetu, tangu miaka ya 1990 Bara ina televisheni zake, tuna Bongo Movie, tuna wachekeshaji wakubwa kweli. Mzee Small, mmoja wa walioleta vichekesho kwenye runinga zetu, alikuwa mtu wa Kilwa, kusini hukohuko.

Lakini angalia vichekesho vyetu kwa utulivu. Nani anakaa getini? Ni mlinzi, ana rungu, ana koti kubwa la jeshi, amelala. Akiamshwa anaongea "chitu" badala ya "kitu". Usoni amechorwa mistari kwa wanja. Jina lolote atakalopewa, mtazamaji anaambiwa huyu ni Mmakonde. Mara anaota panya wa kuchoma, mara hajui kubonyeza lifti. Kamera inarudi kwa bosi na mke wa bosi, stori inaendelea. Mlinzi amemaliza kazi yake, kuchekwa.

Na ile mistari ya wanja ni nini? Ni chale. Mtu amechorwa chale ili awe chale.

Tofautisha hiyo na masizi ya kizibo, ukiweza.

Wapo watakaosema, "Acheni kulia lia, huo ni utani tu, Tanzania tunataniana." Ni kweli tunataniana, na utani wa makabila ni kitu kizuri ambacho nchi nyingi wangetamani kuwa nacho. Lakini utani una sheria zake. Ukinitania, nami nina haki ya kukutania. Mtani anakuja msibani kwako kufanya vituko, na zamu ikifika unakwenda kwake. Unamjua, anakujua. Kwenye skrini hakuna zamu. Mlinzi hana sekunde 30 za kumtania bosi. Utani wa upande mmoja una jina lingine.

Mchukue kijana anayetoka Chidya, pale Masasi penye shule kongwe ya wavulana iliyoanzia mikononi mwa wamisionari wa UMCA. Huko kuna Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, na kila mmoja anajua tofauti yake na jirani yake. Akishuka Mbagala, yote yanafutika. Akisema anatoka Masasi anaitwa Mmakonde hata kama ni Mmakua. Akiuza mtumba barabarani anaitwa machinga, jina la watu wa Lindi lililogeuzwa kuwa jina la kazi. Akiomba kazi anaulizwa kama anataka ulinzi. Ndani ya mwezi mmoja ameshajifunza kusema "kitu" kwa lafudhi ya Dar, na mtu akimuuliza kwao ni wapi, anajibu "kusini huko" halafu anabadilisha mada.

Huyo kijana hajakatazwa na sheria yoyote. Amecheka tu na wenzake mbele ya runinga miaka yote, akaelewa anayechekwa ni nani. Hajaambiwa kwamba Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu kuanzia 1995 hadi 2005, alizaliwa Lupaso, Masasi hukohuko. Au ameambiwa, lakini Mkapa yuko kwenye kitabu cha historia na mlinzi yuko kwenye simu kila siku.

NEMBO

Kuna neno lingine la kumalizia. Zile chale za usoni zina jina lingine la zamani kwenye Kiswahili. Zinaitwa nembo. Wamakonde wenyewe huziita dinembo. Zilichanjwa kwa kisu, zikapakwa mkaa, maumivu yake siyo ya kitoto. Zilikuwa urembo, zilionyesha mtu ni wa wapi na kwamba amekua, anaweza kuvumilia.

Leo nembo ni nini? Nembo ya Taifa. Nembo ya benki. Nembo ya klabu ya mpira. Kampuni zinalipa mamilioni kuchorewa nembo ili watu wasizisahau. Neno lililokuwa la usoni mwa watu wa Newala sasa ndilo tunalolitumia kwa kila kitu tunachotaka kiheshimiwe, halafu uso wenyewe tumeupa rungu na kuuweka getini.

Hakuna anayesema watu wa kusini wasichekeshe au wasichekwe. Wachekeshwe, wachekwe, wacheke. Mlinzi mwenyewe akipewa stori nzima ni dhahabu, maana anamwona bosi anarudi saa 9 usiku, anajua siri za nyumba nzima, na anajua nani hajalipa kodi ya pango. Chaplin alijenga kazi yake yote juu ya mtu wa aina hiyo. Alichompa ni kitu kimoja tu, kamera ilibaki naye mpaka mwisho.

Siku hizi kamera haihitaji safari ya meli kutoka Leipzig. Kijana wa Chidya akiwa na simu na bando anaweza kupiga kichekesho chake kwa Kimakua au Kimakonde, akaweka maandishi ya Kiswahili chini, na mwisho akaandika majina ya wote waliocheza, mpaka aliyeshika taa. Mwaka 1906 wazee wake hawakupata nafasi hiyo.

Tuambie kwenye koment hapo chini: kichekesho gani cha Bongo kimewahi kumpa mlinzi stori yake mwenyewe? Na kama kwenu ni Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu, watag wazee wako. Wakikujibu kwa Kimakonde, usiwatafsirie. Waache waandike.